Mjomba, Miwa na Karatasi Sita za Kura

Mjomba wangu hunipigia simu mara mbili kwa mwaka: miwa ikikatwa, na miwa isipolipwa. Simu ya pili ndiyo ndefu. Analima ekari tatu na nusu huko magharibi tangu kabla sijazaliwa, na kiwanda anachokiuzia sitakitaja kwa sababu bado anakidai. Kuna mwaka alisubiri pesa za msimu mmoja kwa miezi kumi na minne, binamu yangu akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Mjomba hakumlaumu meneja wala waziri. Alimlaumu mbunge. "Tulimtuma Nairobi akafanye nini?" aliniuliza, kana kwamba mimi hupanda naye matatu kila asubuhi.

Namleta mjomba hapa kwa sababu ya swali la darasani. Nafundisha Historia na Serikali katika shule moja ya upili huku Eastlands. Siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya uchaguzi, na ubaoni nilikuwa nimeorodhesha mifumo ya kura kama ninavyofanya kila mwaka, kwa mpangilio ule ule. Wiki iliyotangulia tulisoma COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia baada ya chakula cha mchana, akainua mkono. "Mwalimu, Kifungu cha 2(6) cha katiba kinasema mkataba ukiridhiwa na Kenya unakuwa sehemu ya sheria za Kenya. Sasa mbona tunatia sahihi halafu hatufanyi?"

Nilimjibu kwamba hakuna nia ya kisiasa. Zilikuwa zimebaki dakika nne kengele ilie, nanyi walimu wenzangu mnajua mtu hujibu nini dakika nne zikibaki. Lakini hilo si jibu. Ni sawa na kumwambia mwenye gari kwamba gari lake haliendi kwa sababu limesimama. Nia ya kisiasa haianguki kama mvua. Kuna mahali inatengenezwa, na kuna mahali inafia. Nilipanda matatu ya kurudi nyumbani nikiona haya.

Nadhani jibu lenyewe nilikuwa nimelishika mikononi tarehe 9 Agosti 2022, nikiwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura Umoja, jimbo la Embakasi Magharibi. Kila mpiga kura alipewa karatasi sita: nyeupe ya rais, ya buluu ya gavana, ya manjano ya seneta, ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake, ya kijani ya mbunge, na ya hudhurungi iliyopauka ya mwakilishi wadi. Wazee wengine walizishika zote sita kama karata na kuniuliza ipi iende sanduku lipi, ingawa vifuniko vilikuwa na rangi zake. Kuhesabu kulitukesha. Tulianza na za rais, na tulipofikia zile za kijani mawakala wa vyama walikuwa wamelaza vichwa kwenye madawati ya watoto.

Kitu kimoja kilinikaa akilini. Kura za walioshindwa nilizihesabu kwa uangalifu ule ule, nikazifunga kwa ukanda wa mpira, nikazirudisha sandukuni. Haziendi popote. Mgombea aliyepata kura elfu kumi na mwenzake akapata elfu kumi na moja, zile elfu kumi ni kama hazikupigwa. Rais angalau anadaiwa nusu ya kura na moja juu yake, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Mbunge hadaiwi hivyo. Anatakiwa tu kumpita anayemfuata, na wagombea wakiwa wengi hata theluthi moja ya kura inaweza kumfikisha bungeni.

Sasa jiweke katika viatu vya huyo mbunge. Tuna majimbo 290. Lake lina watu wanaoishi pamoja, wanaolima zao moja, wanaodai kiwanda kimoja. Hao ndio anaowaogopa. Mkenya wa jimbo jingine hawezi kumpa hata kura moja, wala kumnyima. Kisha unamletea mkataba uliotiwa sahihi Lusaka au Kampala, unaosema bei ya kile zao ishindane na ya Misri na Mauritius. Atafanya nini?

Tunajua alichofanya, maana tumekaa zaidi ya miaka ishirini tukimtazama.

Eneo huru la biashara la COMESA lilizinduliwa tarehe 31 Oktoba 2000, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tisa za mwanzo. Maana yake sukari ya wenzetu iingie bila ushuru. Sukari yetu ilikuwa ghali kuzalisha kuliko ya wengi wao, viwanda vya serikali vilikuwa hoi kwa madeni, kwa hiyo tukaomba kinga. Kifungu cha 61 cha mkataba wa COMESA kinaruhusu nchi kujikinga kwa muda endapo uchumi wake umetikiswa. Tukapewa, kwa masharti: viwanda vya serikali viuzwe kwa watu binafsi, mkulima alipwe kwa kiwango cha utamu wa muwa badala ya uzito wake, zipandwe mbegu zinazokomaa mapema, barabara za mashambani zitengenezwe. Kinga ilikuwa iwe ya muda mfupi. Muda ukaisha, tukaomba tena. Ukaisha, tukaomba tena. Waliozaliwa mwaka wa eneo huru walikua wakapiga kura mwaka 2022 tukiwa bado tunaomba.

Ninachopenda mwanafunzi wangu akione ni hiki: hatukuvunja mkataba. Kila mara tulikwenda na barua, na mkoba, na waziri, kuomba ruhusa ya kuchelewa kuutimiza. Huo ndio ustadi wa nchi inayochagua kwa majimbo. Kuvunja waziwazi kuna aibu na kuna kesi. Kutimiza kuna viti vya kupoteza. Katikati kuna kuahirisha, na kuahirisha hakumwangushi mtu.

Chukua sharti moja tu, lile la utamu. Kwenye karatasi ni la haki kabisa: mwenye muwa mtamu alipwe zaidi. Nilimweleza mjomba hivyo, siku ambazo bado nilikuwa na bidii ya kuelezea watu mambo. Akanitazama. "Mwalimu," yeye huniita hivyo akitaka kunikejeli, "mizani yao yenyewe siiamini, nitaamini chupa zao?" Muwa unapimwa uzito mbele ya dereva wa trekta. Utamu unapimwa chumbani, na mtu mwenye koti jeupe, mlango umefungwa. Mwanasiasa yeyote wa kule angesimama jukwaani kusema "tulipwe kwa utamu" angehitaji kwanza kujenga imani ambayo viwanda vilikuwa vimeibomoa kwa miaka mingi. Rahisi ni kusema "hawauzi kiwanda chetu nikiwa hai," watu wapige makofi, twende tukale.

Upande wa pili wa mizani hiyo ni sisi wanywaji chai. Katikati ya mwaka 2023 kilo ya sukari ilipita shilingi 200 hapa Nairobi. Mama muuza chai wa karibu na shule alipunguza kikombe badala ya kupandisha bei, na mwenye duka langu akawa anauza sukari ya kufunga, ya shilingi kumi kumi. Watu walinung'unika. Lakini sikumwona mtu akienda kwa mbunge wa Umoja kumwambia: umetuangusha kule COMESA. Mbunge wetu hupimwa kwa bursari, kwa maji taka, kwa taa za barabarani. Hasara ya sukari imegawanywa kwa mamilioni ya watu, kila mmoja kijiko. Faida yake imelundikwa katika majimbo machache, kila moja gunia. Wako watafiti waliolinganisha nchi nyingi kwa jicho hilo, wakiangalia kanuni za ruzuku za GATT na WTO, yaani mkataba na shirika la biashara duniani, na walichokuta hakiko mbali na hesabu ya mjomba: palipo na majimbo ya mshindi mmoja, kishawishi cha kukiuka kanuni ili kulisha eneo fulani ni kikubwa zaidi kuliko panapopigwa kura ya orodha za vyama nchi nzima, ambako kila chama hupata viti kulingana na kura zake na kuvijaza kwa majina ya orodha yake. Chama kinachookota kura kila mahali kinalazimika kumkumbuka na mnywaji chai.

Hapo mtu ataniambia: hiyo ni nadharia, Kenya ni Kenya, hata ukileta mfumo wa malaika tutauharibu. Nilikuwa nikifikiri hivyo pia, mpaka nilipoligeukia suala la wanawake.

Kenya ilijiunga na CEDAW, mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 1984. Mwaka 2010 ikaridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, na mwaka huo huo katiba mpya ikaandika kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Sasa angalia. Katiba moja, nchi moja, vyama vile vile, wapiga kura wale wale waliosimama kwenye foleni yangu Umoja. Mabunge ya kaunti yanatimiza kanuni hiyo. Bunge la Taifa halijawahi kuitimiza hata siku moja.

Sababu haiko moyoni mwa mtu. Iko kwenye Kifungu cha 177. Kwa bunge la kaunti, katiba ilisema kura za wadi zikishahesabiwa, viti viongezwe kutoka orodha za vyama mpaka kanuni ya theluthi mbili itimie. Basi. Tukishafunga masanduku, tume ya uchaguzi inapiga hesabu na kuita majina. Kwenye wadi zenyewe, zote 1,450, wanawake wanaoshinda moja kwa moja hawafiki mmoja kati ya kumi, kwa hiyo msidhani wapiga kura wa kaunti ni watakatifu. Ni mfumo unaowabeba.

Kwa Bunge la Taifa hakuna kijazio kama hicho. Kuna viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, na viti 12 vya kuteuliwa ambavyo vyama hugawiwa kulingana na viti vilivyoshinda, wala si kulingana na kura. Mwaka 2022 wanawake 29 walishinda majimbo kati ya 290. Ukijumlisha na wale 47 unapata 76, na bunge zima lina wabunge 349. Kutimiza kanuni kunahitaji 117. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba jambo hili litimizwe hatua kwa hatua, na ikatoa tarehe: 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Miswada ya kurekebisha katiba ikaletwa, kila mmoja ukihitaji kura 233, na kila mara wabunge wa kutosha wakapata shughuli nyingine siku ya kupiga kura. Hawakuja kupinga. Hawakuja tu. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje bunge, kama katiba inavyoagiza. Bunge halikuvunjwa.

Nilipolirudisha swali darasani wiki iliyofuata, na hesabu hizi ubaoni, yule msichana hakusinzia. Akasema: "Kwa hivyo kaunti zinatii kwa sababu haziulizwi, na bunge halitii kwa sababu linaulizwa." Nimefundisha kwa miaka mingi, sijawahi kulisema hivyo kwa ufupi. Mbunge aliyeshinda jimbo ukimwomba apitishe sheria ya kuongeza viti vya orodha, unamwomba apunguze thamani ya kiti alichouzia shamba ili akipate. Diwani, samahani, mwakilishi wadi (ulimi wangu bado ni wa zamani), hakuombwa chochote. Alikuta kanuni imekaa.

Ila sitaki mtu aondoke akidhani orodha ni dawa isiyo na uchungu. Wale wanaoingia kwenye mabunge ya kaunti kwa orodha wanasimangwa hadi leo. "Nani alikuchagua?" ndiyo salamu yao. Na swali hilo si la kipuuzi, kwa sababu kwenye kituo changu kulikuwa na karatasi sita za rangi, hakuna ya saba. Orodha hutangazwa gazetini. Mpiga kura hawezi kuizawadia wala kuiadhibu peke yake. Anayeamua nani awe juu na nani awe chini ni kiongozi wa chama, na kila mtu Kenya anajua mambo hayo huamuliwa vipi na saa ngapi za usiku.

Nje ya mipaka yetu kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, ingawa wanafunzi huuona wa mbali. Kanada iliridhia Itifaki ya Kyoto, mkataba wa tabianchi, mwaka 2002, ikaahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 6 chini ya kiwango cha 1990. Wao huchagua kama sisi, jimbo kwa jimbo, mshindi mmoja. Kuanzia 2006 chama cha Conservative cha Stephen Harper kiliongoza bila wingi wa viti, na wapinzani wakiungana walikuwa wengi. Mwaka 2007 wakapitisha sheria ya kuilazimisha serikali itekeleze Kyoto, serikali yenyewe ikiwa haitaki. Tarehe 2 Mei 2011 Harper akapata asilimia 39.6 ya kura. Asilimia hiyo ilimpa viti 166 kati ya 308, wingi kamili. Desemba mwaka huo huo, mkutano wa tabianchi wa Durban ukiwa umetoka kumalizika, Kanada ikatangaza kujitoa Kyoto. Sheria ya 2007 ikafutwa mwaka uliofuata. Wakanada sita kati ya kumi hawakukipigia chama hicho kura. Kura zao zilifungwa kwa ukanda wa mpira.

Linganisha na chama cha Kijani. Ujerumani, mwaka 1983, Kijani walipata asilimia 5.6 wakaingia bungeni na viti 27; kufikia 1998 walikuwa serikalini. Kanada, mwaka 2008, Kijani walipata asilimia 6.8, zaidi ya wenzao wa Ujerumani, na viti sifuri. Watu waliojali mkataba wa tabianchi walikuwepo pande zote mbili. Upande mmoja walipewa kiti mezani, upande mwingine walipewa pole. Ujerumani ilitimiza ahadi yake ya Kyoto. Ni kweli pia kwamba ilisaidiwa sana na viwanda vikuukuu vya Ujerumani Mashariki kufungwa baada ya muungano wa 1990, na ukiliacha hilo nje ya hadithi unadanganya. Na waliotangulia Harper, walioiridhia Kyoto kwa shangwe, gesi iliendelea kupanda mikononi mwao.

Marekani nitaipitia mbio. Mwaka 2000 urais uliamuliwa na kura 537 za Florida huku aliyeshindwa akiwa na kura nyingi zaidi nchi nzima, na Machi 2001 rais mpya akaikataa Kyoto. Inavutia kusema kura 537 ziliamua hali ya hewa. Lakini tangu 1997 Seneti lao lilikuwa limepiga kura 95 kwa 0 kuonya kwamba halitaki mkataba wa namna hiyo, na mkataba unahitaji theluthi mbili ya maseneta, kwa hiyo hata mwenzake angeshinda asingefika nao mbali.

Norway ndiyo inayonikosesha usingizi. Wanapiga kura ya uwiano, viti kulingana na kura, kila kitu ambacho ningekipigia debe. Wakulima wao ni miongoni mwa wanaopewa ruzuku kubwa kuliko wote duniani. Na Januari 2025 chama cha Senterpartiet, ambacho nguvu yake iko vijijini, kilijiondoa serikalini kwa kukataa maagizo ya nishati ya Umoja wa Ulaya ambayo Norway hutakiwa kuyafuata kupitia mkataba wake wa eneo la uchumi la Ulaya. Chama kidogo, mkono wake kwenye breki. Kumbe mjomba angeweza kuwa na chama chake mwenyewe. Nilipomweleza habari hiyo alifurahi kupita kiasi, akataka kujua wanalima nini.

Halafu kuna Gikomba, soko letu la mitumba hapa Nairobi. Ninakwenda huko Jumamosi moja kila mwezi kuwatafutia watoto viatu, mapema, marobota yanapofunguliwa, kabla nguo za kamera, zile nzuri kuliko zote, hazijachaguliwa zikaisha. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wamarekani wanaouza nguo hizo wakalalamika, na AGOA, ule mpango uliokuwa ukiruhusu nguo za kiwandani kutoka huku ziingie Marekani bila ushuru, ikawekwa rehani. Kenya ikajitoa kwenye makubaliano mwaka 2017. Rwanda ikabaki, ilikuwa imeshapandisha ushuru wa mitumba hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 ikaondolewa manufaa ya AGOA kwa nguo.

Sababu ya wazi ya Kenya ilikuwa viwanda vya nguo vya Athi River na kazi zake. Sawa. Lakini kumbuka mwaka ule. Agosti 2017 nchi zote mbili zilipiga kura, siku nne tu kati yao. Kule Rwanda rais alipata karibu asilimia 99. Huku Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais na tukarudi foleni Oktoba. Ni nani kati ya hao wawili angethubutu kuwaambia wauzaji wa Gikomba wafunge vibanda? Aliyetimiza neno la Jumuiya ni yule asiyekuwa na wa kumwogopa. Hili sijawahi kulifundisha. Mtaala unataka nchi inayotii mikataba iwe ndiyo nchi nzuri, na mimi siku hizi kila nikisikia serikali fulani imetimiza ahadi zake zote za nje bila kelele, nataka kwanza kujua walipiga kura vipi, na waliopinga wako wapi.

Krismasi ya 2025 nilikwenda nyumbani. Kinga ya sukari ilikuwa imekwisha mwisho wa Novemba na safari hii hatukuomba tena. Mapema mwaka huo serikali ilikuwa imevikodisha viwanda vyake vinne kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mjomba alikuwa ameketi chini ya mwembe na redio yake. Nilidhani nitamkuta na hasira, nikamkuta na tahadhari tu, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua. Nikamweleza habari za orodha, kwamba pengine siku moja tutakuwa na wabunge wasio na jimbo.

"Huyo mbunge wa orodha nyumbani kwake ni wapi?"

"Hana jimbo, mjomba. Jimbo lake ni Kenya nzima."

"Basi nikienda kumdai nitabisha mlango gani?"

Sikuwa na mlango wa kumwonyesha. Shangazi akaleta chai, ya maziwa, tamu ya kukwaruza koo, kama wanavyoipika kule watu wanaolima miwa. Mjomba akaniuliza kilo ya sukari Nairobi ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akapiga mluzi.

"Na mnalipa?"

"Tunalipa."

"Kwani huko hamna mbunge?"

"Tuna kumi na saba," nikamwambia.